Macho Wazi Wakati wa Maombi

Jumamosi iliyopita niliwakabidhi ninyi wanne ufunguo wa kabati la kamera. Mkanipigia makofi, mkanipa leso ya kujifunga na keki yenye jina langu lililokosewa herufi moja. Nashukuru kwa vyote. Jicho langu la kulia lina mtoto wa jicho, goti langu la kushoto halikunji tena, na mpiga picha asiyeweza kupiga magoti anafaa kupiga picha za twiga tu. Kwa hiyo nimestaafu. Lakini siku ile hamkuniuliza maswali ya maana, mlikuwa na haraka ya keki, basi majibu nayaandika hapa.

Mutheu ndiye mkubwa wenu na mnamjua. Atanivumilia nikimsimulia kana kwamba hayupo.

Mimi nilizaliwa Mackinnon Road, mahali ambapo watu wengi hupita na wachache hushuka. Baba alikuwa akiziba pancha za malori. Niliteremka pwani nikiwa na miaka kumi na tisa kufua mashuka katika hoteli moja ya Diani, na kufikia siku ya pili nilikuwa nimejua kwamba mashuka si wito wangu. Wiki hiyo hiyo nilitakiwa kupeleka picha ya kitambulisho cha kazi, nikaingia studio ya Mzee Hamisi pale Ukunda. Nikamwona akisogeza kidevu cha mama mmoja kwa kidole kimoja tu, na yule mama akawa mtu mwingine. Nikaomba kazi. Akasema hana kazi. Nikarudi kesho yake, na kesho kutwa. Siku ya sita akaniambia, "Mwanangu, wewe huna kwenu? Haya, shika ufagio."

Alinifundisha mengi ambayo leo hayana soko, kama kujua kwa kunusa kwamba dawa ya kusafishia picha imechoka. Lakini moja halijachakaa. Mteja akiingia, Mzee Hamisi hakugusa kamera mpaka wamalize salamu zote: shikamoo, marahaba, wa nyumbani hawajambo, mvua kwenu imenyesha? Mimi niliona anapoteza mwanga. Siku moja nikamwambia. Akacheka mpaka kofia ikamkaa upande.

"Kamera haina adabu, Dorkasi," akasema. "Kwa hivyo adabu lazima uwe nayo wewe. Mtu ukimwamkia vyema, uso wake wafunguka wenyewe. Usipomwamkia, wapiga picha ya mlango uliofungwa."

Nilifanya kazi kwake mpaka alipozeeka akaniachia studio, na katikati ya miaka hiyo ndipo darasa lilipozaliwa. Lilizaliwa kwa aibu. Kanisa letu ni la watu waliofuata kazi: wapishi, walinzi, watunza bustani, watandika vitanda. Harusi yetu ya kwanza kubwa ilipofanyika, aliyeshika kamera alikuwa binamu ya bwana harusi kutoka bara, na picha zilipotoka bibi harusi hakuwa na kichwa katika saba kati ya hizo. Mchungaji akaniita. "Dada Dorkasi," akasema, "vijana wetu wanashinda ufuoni wakifuata watalii. Wewe una ujuzi. Wape kitu cha kushika mkononi." Nikasema nitajaribu kwa mwezi mmoja. Mwezi huo umeisha Jumamosi iliyopita.

Siku ya kwanza walikuja vijana kumi na mmoja, na kamera zilikuwa tatu. Tulikuwa katika kile chumba cha nyuma ya jiko la kanisa, chini ya mabati, saa nane mchana. Nilikuwa nimeandaa hotuba juu ya historia ya kamera. Sijafika nusu, kijana mmoja akafungua mgongo wa kamera ili aone picha alizozipiga, na mkanda mzima wa filamu ukaungua kwa mwanga. Hotuba ile sijaitoa tena. Tangu hapo somo langu la kwanza limekuwa hilo hilo: kila mtu anapewa kamera tupu, anaifungua, anaifunga, anaichungulia, mpaka hamu imwishe. Kamera za siku hizi hazina mgongo wa kufungua, lakini hamu iko pale pale.

Chumvi ya pwani hula kamera kama mchwa anavyokula mlango. Kuvu huota ndani ya lenzi usipoangalia. Ndiyo maana katika kabati mtakuta bati la biskuti lililojaa vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyowekwa ndani ya maboksi ya viatu. Si takataka. Nimeviomba duka kwa duka, wenye maduka wakidhani nina wazimu wa aina mpya. Vianikeni juani mara kwa mara, virudi kazini. Lenzi msiifute kwa shati. Ifuteni kwa kipande cha leso kuukuu iliyofuliwa mpaka ikalegea, na hiyo mpya mliyonipa msiitolee macho, bado naivaa.

Halafu kuna mchanga wa Diani. Ni mweupe mno. Kamera ikiuona hudhani dunia nzima imejaa mwanga, ikapunguza, na uso wa mtu wetu ukatoka kivuli chenye meno. Dawa si flashi. Mgeuze mtu alipe jua mgongo, mchanga wenyewe umrudishie mwanga usoni, nawe uipe kamera mwanga mwingi kidogo kuliko ule inaoutaka. Hili nililigundua baada ya kuharibu picha za siku nzima ya michezo ya vijana, na wazazi wao walikuwa na hamu ya kujua kwa nini nimewapiga picha watoto wa watu wengine. Walikuwa ni watoto wao wenyewe.

Sasa nije kwenye jambo lililotaka kuliua darasa.

Sikukuu ya mavuno ya mwaka wa kwanza niliwatuma vijana wanne ibadani, kila mmoja na mkanda wake. Picha zilipotoka tulikuwa na mihogo, mananasi, kuku aliyefungwa miguu, kwaya, na watoto waliosinzia. Maombi hayakuwemo. Mchungaji akiyawekea mazao mikono, hakuna. Wajane wakiombewa, hakuna. Kijana mmoja alikuwa na picha nzuri sana ya mbao za dari. Nikawauliza mlikuwa wapi wakati huo wote. Wakanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechanganyikiwa.

"Mwalimu, si tulikuwa tunaomba?"

Watoto hawa tangu wakiwa wadogo katika shule ya Jumapili wameambiwa neno moja: mchungaji akisema tuombe, fumba macho. Hawafikirii. Kope hushuka zenyewe. Na ukizitazama sherehe za kanisa vizuri, makubwa yake yote hutokea wakati wa maombi: bibi harusi anabarikiwa, mtoto anawekwa wakfu, mgonjwa anashikwa mkono. Mpiga picha wa kanisa anayefumba macho wakati wa maombi amebakiwa na kazi ya kupiga picha za chakula.

Kwa miaka mingi nililikwepa. Picha za maombi nilizipiga mwenyewe kutoka nyuma, na hakuna aliyenishtaki, kwa sababu mwanamke wa makamo aliyesimama nyuma ya kanisa haonekani na mtu yeyote. Ulikuwa uvivu, na uvivu una siku zake. Kamera za kompyuta zilikuja, simu zikaja, nusu ya darasa ikatoweka ikidhani haina tena la kujifunza, robo yake ikarudi. Halafu Jumamosi moja nikalala na malaria, harusi ikapita bila mimi. Siku chache baadaye bibi harusi akaja studio akitafuta picha ya mama yake akimwekea mkono kichwani. Haikuwepo. Alilia pale kwenye benchi. Nikaapa kwamba vijana wangu watafumbua macho, potelea mbali.

Wakati huo Mutheu alikuwa na miaka kumi na sita, msichana mwembamba aliyekuja na daftari akaandika hata nilipokohoa. Alikuwa na jicho la ajabu. Wenzake walipiga picha za watu. Yeye alipiga kile ambacho watu walikuwa karibu kukifanya. Baba yake, Mzee Mutua, alikuwa amestaafu kazi ya stoo hotelini na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa baraza la wazee wa kanisa. Mtu mnyofu, mwenye sauti nzito, aliyeamini kwamba mpiga picha wa ufuoni na mzururaji ni mtu mmoja mwenye majina mawili. Alimruhusu binti yake kwa sharti: siku darasa litakapomletea doa, anatoka, na akimaliza shule anakwenda Kikoneni kumsaidia shangazi yake dukani. Mutheu aliijua Kikoneni. Alikuwa amehesabu rafu za duka lile wakati wa likizo, na hakutaka kuzihesabu tena.

Basi nikaanza kuwafundisha. Niliwasimamisha wawili wawili, mmoja aombe kwa sauti, mwenzake ampige picha. Brayan, ambaye sasa anapiga harusi kule Msambweni na kujiita mkurugenzi, alifaulu siku ya kwanza. "Mwalimu, hii ni rahisi, aki," akasema. "Mimi huchungulianga tu kila Sande." Mutheu hakuweza. Kamera iko usoni, kidole kiko mahali pake, na nyuma ya kamera macho yamefumbwa. Tulirudia mara tano. Mwisho akaishusha.

"Mwalimu," akasema, "na Mungu je?"

Lilikuwa swali zuri, nami nikalijibu vibaya kwa kuwa nilikuwa na njaa. Nikamwambia Mungu ana kazi nyingi kuliko kuhesabu kope za watu. Jibu hilo lilimfikia Mzee Mutua kabla ya chakula cha jioni.

Wazee waliniita Jumatano. Walikuwa saba, na sahani ya biskuti ambazo hakuna aliyezigusa. Katikati ya meza walikuwa wameweka picha ya Brayan waliyoibandua kutoka ukuta wa darasa langu: kanisa zima limeinamisha vichwa, macho yote yamefumbwa. Ilikuwa picha safi, na hilo ndilo lililokuwa kosa. Mzee Mutua akaigonga kwa ukucha.

"Mwalimu, hii ilipigwa wakati gani?"

"Wakati wa maombi, mzee."

"Na aliyeipiga, alikuwa anaomba?"

Nikazitazama biskuti.

"Umemfundisha mtoto kukaa nje ya maombi akiwa ndani ya kanisa," akasema. "Leo anapiga picha. Kesho ataangalia saa. Kesho kutwa ataangalia wasichana."

Kuhusu wasichana, nilijua kwamba Brayan hakungoja kesho kutwa, lakini hapakuwa mahali pa kulisema. Nikasema, "Basi wazee wangu, msituombe tena picha za maombi."

"Hatujakataza picha," mzee mwingine akaingilia. "Picha tunazipenda sana. Tumekataza macho."

Walitaka ugali bila moto. Uamuzi wao ulikuwa huu: ubatizo wa baharini ulikuwa baada ya wiki tano, na vijana wapige picha kama kawaida. Lakini akionekana mtoto hata mmoja amefumbua macho na kuacha maombi, darasa lifungwe na kamera ziuzwe. Mzee Mutua akaongeza, bila kunitazama, kwamba binti yake atakuwa wa kwanza kutoka.

Nilitoka pale na hasira za kuweza kuchemsha chai. Badala ya kwenda nyumbani nikaenda kwa Mzee Hamisi, aliyekuwa sasa mtu wa kukaa barazani kwake na tasbihi. Nikamsimulia yote, nikingoja anisaidie kuwalaumu.

"Nyinyi mwafumba macho kwa nini?" akauliza.

"Ili tusitazame ya dunia."

"Sisi twaswali macho wazi," akasema. "Lakini hatuangazi huku na huku. Mtu hutazama pale atakaposujudu, basi. Macho yana mahali pake. Hao watoto wako, Dorkasi, umewaambia wafumbue. Je, umewapa pa kutazama?"

Nilikuwa nimekwenda kutafuta mtu wa kunipoza, nikarudi na kazi. Usiku ule sikufanya lolote ila kukasirika zaidi, kwa sababu alikuwa amesema kweli, na Mzee Mutua naye, kwa njia yake, alikuwa amesema kweli. Brayan hakuwa akiomba. Alikuwa akichungulia tu. Na mimi nilikuwa nikimsifu.

Hapo ndipo ilipotoka kanuni mliyoikuta ukutani mkadhani ilikuwepo tangu msingi wa kanisa: mtu mmoja, jicho moja. Kila kijana alipewa mtu mmoja kati ya wale wa kubatizwa. Alikwenda kwake nyumbani, akamwamkia, akaomba ruhusa kwa mdomo wake, akamwuliza anataka aombewe nini. Siku ya ubatizo atamtazama huyo tu na kumwombea huyo tu, macho wazi. Zamu ya mwingine ikianza, kamera inashuka na kope zinashuka. Na picha ni ya mwenyewe. Akisema ifutwe, inafutwa, hata ingekuwa nzuri namna gani.

Niliporudia zoezi na Mutheu, nikamsimamisha mbele yake mama mmoja wa kwaya aliyekuwa na mtoto mgonjwa. "Mwombee huyu," nikamwambia, "na ukimwombea usimpoteze." Kamera ikalia. Nikachungulia pembeni: macho yalikuwa wazi na midomo yake ilikuwa ikitembea.

Siku ya kupanga majina nikampa Mutheu bibi yake. Susu, kama Wakamba wanavyomwita nyanya, alikuwa mama mzazi wa Mzee Mutua. Alikuwa ameletwa pwani kutoka Kibwezi kwa ajili ya matibabu ya presha, na umri wake hakuna aliyeujua sawasawa. Maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona kabla ya hapo yalikuwa ya tangi la shule. Kwa miaka mingi mwanawe alimsihi abatizwe akakataa; sasa alikuwa amekubali, lakini bahari ilimtisha mpaka akawa analala akiisikia. Mutheu alipomwuliza anataka aombewe nini, alijibu neno moja kwa Kikamba. Nikamwuliza Mutheu maana yake.

"Anasema aombewe asiachiliwe," akaniambia.

Siku yenyewe ikafika. Mchungaji wetu ni mtu wa bara, na ubatizo aliupanga saa tatu kwa saa ya ukutani. Saa tatu bahari ilikuwa imekupwa, maji yako magotini, na kumzamisha mtu mzima katika maji ya magotini ni kumlaza tu. Tukangoja yajae. Mliokulia hapa mnacheka. Ninyi wengine andikeni kwamba ubatizo hupangwa na bahari. Kungoja kule kulikula mwanga wangu wote mzuri wa asubuhi, jua likasimama utosini.

Mutheu aliingia mpaka kiunoni. Kamera ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki uliotobolewa mbele kwa ajili ya lenzi na kukazwa kwa mpira, kama nilivyowafundisha. Mchungaji alimshika Susu mkono wa kulia. Wa kushoto alikuwa Mzee Mutua, kwa kuwa mzee wa kanisa ndiye msaidizi wa mchungaji majini. Kutoka mchangani niliona jinsi yule bibi alivyokaza shingo kila wimbi dogo lilipomgusa.

"Tuombe," mchungaji akasema.

Kanisa zima likafumba macho. Nami nikafumba, kwa sababu zamu haikuwa yangu, na kanuni niliyoitunga nisingekuwa wa kwanza kuivunja. Kwa hiyo sikuona kitu. Nilisikia kamera ikilia mara mbili, halafu maji, halafu ikalia mara ya tatu, na watu wakaanza kuimba.

Alasiri Mutheu akaja studio, sketi bado ina chumvi. Hakuketi. Tukazifungua picha kwenye kompyuta. Ya tatu mnaijua, ndiyo ile iliyoko ukumbini: Susu anatoka majini, kinywa wazi, na mikono miwili ya mwanawe imemkumbatia. Mbili za mwanzo hamjaziona. Katika ya kwanza mchungaji ameinua uso, macho amefumba. Nyuma, kanisa zima limeinama. Katikati yule bibi amemgeukia mwanawe kwa hofu, anamtazama. Na Mzee Mutua, mwenyekiti wa baraza la wazee, macho yake yako wazi kabisa, anamtazama mama yake, midomo inatamka kitu, na machozi yanamtoka. Katika ya pili ameinua kichwa, anatazama moja kwa moja ndani ya lenzi.

Nilipiga kigelegele, sitaficha. "Tumempata!" nikasema. "Jumatano naiweka mezani pale pale alipoweka ya Brayan."

Mutheu alisubiri nimalize. "Nimemwonyesha Susu kwenye kamera," akasema. "Ile ya mwisho amesema iwekwe kanisani. Ile ya kwanza anataka moja tu, apewe baba. Halafu hizo mbili zifutwe."

"Zifutwe?"

"Amesema huyo ni mtoto wake, na machozi yake si ya wazee."

Nilibishana naye. Nilimwambia baba yake ameshamwona akiwa na macho wazi, ushahidi si alikuwa ametazama kamera yenyewe? Nikamwambia bila picha ile darasa limekwisha, na yeye anaelekea Kikoneni. Nilisema mengi na mengine nayaonea haya. Alisimama tu akiminya upindo wa sketi, machozi yakimlengalenga.

"Najua, Mwalimu," akasema. "Lakini kanuni ni yako."

Nikachapisha nakala moja. Akaitia katika bahasha. Kisha akashika kipanya mwenyewe, akafuta picha ya kwanza, akafuta ya pili, akahakikisha hazikubaki hata kwenye kadi. Miaka yote ya kufundisha, hiyo ndiyo picha bora kuliko zote zilizowahi kupigwa na mwanafunzi wangu, na niliitazama kwa dakika kumi. Alipoondoka nililia. Msidhani ni kwa moyo mwema. Nililia kwa hasira.

Siku tatu zilizofuata, Mutheu aliniambia baadaye, baba yake alipokea bahasha bila neno na hakumsemesha zaidi ya kuitikia shikamoo. Jumatano wazee walipokutana, Mutheu alibaki nyumbani akiosha vyombo. Begi lake alikuwa amelifunga bila kuambiwa.

Mutheu, hapa nakugeukia wewe, na wenzako wasikilize. Mara nyingi umeniuliza ni nani aliyelitetea darasa siku ile, nami nimekujibu kwamba ni mchungaji. Nilikudanganya. Niliombwa nikudanganye. Sasa baba yako tumemzika Kibwezi kando ya mama yake, na uongo huo nimeutua.

Karani wa baraza alisoma swali: je, siku ya ubatizo kuna mtoto aliyeonekana amefumbua macho wakati wa maombi? Mimi nilikuwa nimeshaamua kusema kwamba picha zote nilizipiga mwenyewe. Ndiyo, uongo, mbele ya wazee saba na Biblia mezani. Nilikuwa tayari nimefungua kinywa.

"Yuko," baba yako akasema. "Ni binti yangu."

Karani akaandika. Kisha kalamu yake ikasimama. Akamtazama mwenyekiti wake, akaitazama karatasi, akamtazama tena. "Samahani, mzee," akasema. "Wewe ulimwonaje?"

Hakuna aliyecheka, ingawa mzee mmoja aliinamia biskuti kwa ghafla. Baba yako akafungua Biblia yake, akatoa bahasha, akatoa picha, akaiweka katikati ya meza. Wewe ulidhani ameichoma. Aliibeba mwenyewe, Mutheu, kwa mguu wake, mpaka pale.

"Mama aliogopa maji, akaniangalia mimi," akasema. "Mlitaka nifumbe?"

Akawatazama mmoja mmoja.

"Huyu mtoto alikuwa na picha hii tangu Jumapili. Angeweza kuwaletea ninyi, na Mwalimu hapa najua alitaka sana. Ameniletea mimi." Akaigonga picha kwa ukucha. "Karani, andika kwamba mwenyekiti alifumbua macho. Kama ni kufunga, lifungwe baraza kwanza, ndipo lifungwe darasa."

Hakikufungwa kitu. Walipotoka wote, akaiokota picha akanipa. "Iweke," akasema. "Utampa nikishaondoka." Nikamwuliza kwa nini asikupe mwenyewe jioni hiyo hiyo, na wewe ulikuwa umefunga begi. Akavaa kofia yake taratibu.

"Nikimpa leo," akasema, "kuanzia kesho nani ataniogopa pale nyumbani?"

Picha imo ndani ya bahasha hii. Ni yako sasa, na kama utaionyesha watu au utaichoma ni shauri lako, sitabishana nawe mara ya pili. Lakini itazame vizuri kwanza, midomo na macho. Baba yako anaomba.